Sari Mbili Sandukuni

Ras al-Khaimah, 8 Januari 2023

Beena,

Umenifungia simu. Sawa, sina kinyongo, ningekuwa wewe hata mimi ningefanya hivyo. Kwa hiyo naandika kwa mkono, kama baba yangu alivyokuwa akiandika nyumbani alipokuwa Kuwait, na barua anakuletea Kunjumon dereva, ambaye ameniapia kwamba hafungui barua za watu. Anafungua, namjua. Kunjumon, salamu.

Mzaha umeishia hapo. Yule mtoto niliyekuambia habari zake mwezi wa kumi na moja ametimiza miezi saba. Ofisini wamenirudisha tena: hakuna cheti cha ndoa cha wazazi, hakuna cheti cha kuzaliwa. Bila hicho hana pasipoti, hana ukaazi, hana chochote. Mama yake, Dilani, anaogopa hata kumpeleka chanjo. Kwao Sri Lanka hawezi kurudi naye, na hapa ni kama hajazaliwa.

Wakili tuliyemwona anasema sisi tusio Waislamu siku hizi tuna mahakama yetu ya kiraia ya familia huko kwako Abu Dhabi. Mmoja akienda akasema hataki tena ndoa, inatosha kuachana, nami nitaweza kumwoa Dilani. Hakimu haulizi kosa ni la nani. Na ni afadhali lisiulizwe, kwa kweli.

Lakini wanataka cheti halisi cha ndoa yetu, kiwe na mihuri ya serikali ya kwetu ndipo kitafsiriwe Kiarabu. Wewe unajua kilipo: kwenye sanduku la Ammachi, chini ya sari. Nikimwomba mimi, mama yangu ataniuliza maswali mia, na la kwanza tu litanitoa machozi. Wewe hata ukimwomba figo, atakuuliza unataka ya kulia au ya kushoto. Fungua kesi wewe, Beena. Nakuomba.

Kuna jambo jingine, bora ulisikie kwangu. Mtoto tumemwita Sosamma. Ni binti wa kwanza, na kwetu binti wa kwanza hubeba jina la mama wa baba, unajua ilivyo. Sikuwa na jina jingine. Nisamehe.

Shibu


Abu Dhabi, 14 Januari 2023

Shibu,

Barua yako nimeisoma mara mbili kwenye chumba cha kubadilishia nguo hapa hospitali. Mara ya tatu mwenzangu wa zamu aliniuliza nani kafa. Nikamwambia hakuna.

Jina hilo lilikuwa la mwanangu. Umesahau? Mwaka 2016, mimba ya miezi mitano na nusu, tulipoambiwa ni msichana ukanishika mkono ukasema, "Basi ni Sosamma." Wiki mbili baadaye akatoka hana pumzi. Nililiweka lile jina, Shibu. Sikulitaja kwa mtu, hata kwa mama yako. Wewe umelichukua kama mtu achukuavyo mwavuli wa mwenzake mlangoni.

Nitakwenda mahakamani. Usinishukuru, si kwa ajili yako. Watoto wasio na karatasi nimewaona kazini, mama zao wanawaleta wakiwa wamewaka homa siku ya nne kwa sababu siku tatu za kwanza walikuwa wanaogopa. Mtoto hana kosa. Na kama anaitwa Sosamma, hatakaa bila cheti mimi nikiwa hai.

Ila ujue ninachopoteza. Si wewe. Wewe uliondoka siku nyingi, mimi nilibaki nafua mashati. Ninachopoteza ni mama yako. Mama yangu alikufa nikiwa na miaka tisa, na Ammachi ndiye aliyenichana nywele nikiwa bibi harusi wa miaka ishirini na sita, akinifokea nitulie kama mtoto wa shule. Nikishaachana nawe, mimi kwake ni nani? Mtu aliyewahi kupita? Tena kwetu padri haitambui talaka ya huku, kitabu cha kanisa kitaendelea kusema ni mkeo. Nitakuwa mwanamke aliyeachika Abu Dhabi na mke wa mtu kijijini kwetu Mallappally.

Nina masharti mawili. Ammachi asijue lolote mpaka nimwambie mwenyewe. Na habari ya mtoto utamwambia wewe, kwa mkono wako. Kwa hilo sitakusaidia.

Beena


Abu Dhabi, 20 Januari 2023

Mpendwa Ammachi,

Shikamoo na salamu nyingi. Sisi hatujambo. Shibu bado yuko kule machimboni Ras al-Khaimah, kazi nyingi, anakusalimu sana. Nimempa Kunjumon tende, maziwa ya unga na ile dawa ya kuchua miguu. Dawa ni ya miguu, Ammachi, usimpe Ousepu apake kichwani tena.

Nina ombi. Ofisi ya uhamiaji huku wamebadilisha taratibu za viza, wanataka cheti chetu cha ndoa chenye mihuri ya serikali. Kiko sandukuni kwako. Ukikipata, mpe wakala yeyote wa mjini Tiruvalla akakipigie mihuri, nitamlipa. Si jambo kubwa, ni karatasi tu.

Naomba uniandikie unaendeleaje na sikio.

Mwanao,
Beena


Mallappally, 11 Februari 2023

Beena mwanangu,

Vitu vyote vimefika. Tende nimezificha, maana huyu Ousepu mpiga kengele wa kanisa akishaingia hapa hatoki mpaka aone chini ya bakuli. Sikio la kushoto limekufa kabisa. Shibu alipiga simu Krismasi, nikasikia kama nyuki ndani ya debe. Nikasema ndiyo, ndiyo, Mungu akubariki, sijui niliitikia nini. Wewe andika tu. Barua nazisikia zote.

Cheti nimekipata. Nilitoa kila kitu sandukuni, na kwa kuwa jua lilikuwa zuri nikazianika sari zetu mbili za ndoa kwenye kamba, yangu ya mwaka 1971 na yako, bega kwa bega. Yangu imekuwa rangi ya chai. Yako bado inang'aa, ila pale ukingoni walipochomoa zile nyuzi saba za kutungia kidani chako cha ndoa palianza kufumuka, nimepapiga sindano. Unakumbuka ulivyotetemeka Shibu alipokufunika ile sari kichwani mbele ya padri? Nilidhani utaanguka. Nilikuwa nimeshavua viatu nije nikudake.

Nimeweka naftalini mpya. Sari ya ndoa ina siku mbili tu, ya kuolewa na ya kuzikwa, si vizuri nondo waile katikati. Yangu utanifunika wewe, kama mimi nilivyomfunika mama mkwe wangu, mama yake Varghese. Katika nyumba hii ni mkwe anayefunika, nimeshawaambia wote. Haya, usikunje uso. Sifi kesho, nina mihogo shambani.

Sasa kero. Kwenye cheti padri aliandika jina lako la ubatizo, Saramma, na pasipoti yako inasema Beena. Wakala akasema hao ni wanawake wawili. Nikamwuliza, wewe kwenu hamna watu wenye jina la kanisani na la nyumbani? Nusu ya parokia hii ingekuwa jela! Anataka mtu aape ofisi ya kijiji kwamba Saramma na Beena ni mtu mmoja. Basi nitaapa mimi. Wakala nimemnyang'anya karatasi zake, nitakwenda mwenyewe na Ousepu, mpaka ofisi kuu za serikali Trivandrum ikibidi.

Niseme kweli, nimefurahi. Mtu hahangaiki na karatasi za ndoa bure. Nikasema moyoni, labda wanataka kukaa nyumba moja tena. Labda kuna habari wananificha. Sikulazimishi. Lakini kama kuna mtoto njiani, jina langu lipo, limekaa tu miaka yote linakula vumbi.

Mama yako,
Sosamma


Abu Dhabi, 18 Februari 2023

Ammachi,

Hakuna mtoto. Naomba usifikiri hivyo, utaniumiza.

Na nakusihi usiende Trivandrum. Foleni za kule unazijua, na miguu yako naijua. Mrudishie wakala karatasi. Hata zikichelewa si neno.

Shibu anasalimu.

Beena


Mallappally, 19 Machi 2023

Beena,

Cheti hiki hapa, ndani ya mkebe wa chipsi za ndizi ili kisikunjike. Kitoe kwanza ndipo ule, kisije kikapata mafuta.

Mihuri yote ipo. Ofisi ya kijiji niliapa. Ofisa akaniuliza, "Bibi, huyu mwanamke unamfahamu kweli?" Nikamwambia namfahamu kuliko hata niliyemzaa. Akacheka. Mimi sikuwa nachekesha.

Trivandrum tulikwenda kwa treni ya asubuhi, tukakaa kutwa nzima. Karani wa pale alikuwa mtu wa maswali. Tulizungumza. Ousepu anasema tangu tutoke pale nimekuwa kama mtu aliyemeza kokoto. Ni uchovu.

Mwanangu, kula vizuri. Na usiniandikie tena kwamba Shibu anasalimu. Ana mikono.

Sosamma


Abu Dhabi, 27 Aprili 2023

Shibu,

Najua ulikuwepo, lakini nataka uelewe kilichotokea, kwa sababu nilikuona unavyonitazama.

Dakika kumi na moja. Miaka kumi na moja, dakika kumi na moja. Mimi nimekaa jikoni, juu sare ya kazi, chini suruali ya kulalia, simu yenye video ya mahakama nimeiegemeza kwenye chupa ya mafuta ya nazi. Wewe kwenye kisanduku chako upande wa kulia wa skrini, na shati la bluu nililokununulia mimi. Hakimu akauliza kwa mkalimani kama naomba ndoa ivunjwe. Nikasema ndiyo. Sauti ilitoka vizuri, nilijisikia.

Kisha akauliza mbona cheti kina jina moja na pasipoti jingine. Mkalimani akatoa ile karatasi ya ofisi ya kijiji akaisoma kwa Kiarabu, halafu kwa Kiingereza ili mimi nielewe: Saramma na Beena ni mtu mmoja, kwa kiapo cha Sosamma Varghese, mama wa mume, anayemfahamu. Hakimu akaitikia kwa kichwa, akaendelea.

Hapo ndipo nilipolia. Wewe ulidhani nalilia ndoa, ukainamisha kichwa. Nilikuwa namlilia mzee wa miaka sabini na mitano aliyepanda treni na miguu ile ili mimi nipate kuachana na mwanawe. Yeye anadhani ametujengea nyumba.

Karatasi zako wakili atakutumia. Kamwoe mama wa mtoto, usichelewe. Mimi nitamwandikia Ammachi. Sharti langu la pili bado lipo palepale.

Beena


Abu Dhabi, 6 Mei 2023

Ammachi,

Nimekudanganya. Hakukuwa na habari ya viza. Cheti kile nilikitaka mahakamani, na tarehe ishirini na saba mwezi uliopita mimi na Shibu tumeachana kisheria. Nakuwekea nakala ya hukumu, sitaki ufikiri nakudanganya tena.

Shibu hakufanya kosa kubwa. Tulichoka tu, kila mtu kwake, yeye machimboni, mimi wodini. Mimi ndiye niliyefungua kesi. Ukitaka kumlaumu mtu, nilaumu mimi.

Ulibeba kwa mikono yako karatasi ya kuvunja nyumba ya mwanao, na mimi nilikuwa hapa nakula chipsi zako za ndizi. Nilipaswa kukuambia. Niliogopa ungeniambia nisifanye, na ningekutii, na kulikuwa na sababu ya kufanya. Sababu hiyo siwezi kuiandika, si yangu kuisema.

Sijui sasa nikuiteje. Nimeandika Ammachi kwa mazoea. Ukitaka niache, niambie, nitaacha.

Sari yangu imo sandukuni kwako na haina haki ya kukaa humo tena. Mpe maskini yeyote, au ichome. Na ya kwako, Ammachi, itabidi umtafute mwingine wa kukufunika. Nimekaa na kalamu tangu asubuhi, sentensi hiyo ndiyo iliyokuwa inanishinda.

Beena


Ras al-Khaimah, 16 Julai 2023

Beena,

Tumefunga ndoa tarehe tatu, ya kiraia, hata chai hatukunywa. Mtoto amepata cheti. Nilikishika nikakaa chini ukumbini pale pale, walinzi wakadhani nimeanguka. Dilani anaomba nikuambie ahsante. Nilimwambia hutaki shukrani, akasema mwambie hivyo hivyo.

Mwezi Juni nilimwandikia Ammachi kama ulivyotaka. Kurasa nne, ya kwanza yote ni salamu, nilikuwa natafuta pa kuanzia. Nikamwambia yote, nikatia na picha ya mtoto. Hajajibu. Nimempigia Ousepu, akasema mama yuko salama, anashona. Nikamwuliza anashona nini, akakata simu.

Wewe je, amekuandikia?

Shibu


Abu Dhabi, 22 Julai 2023

Shibu,

Hajaniandikia. Kunjumon karudi kutoka likizo ya nyumbani wiki iliyopita, nikamsubiri chini ya jengo kama mjinga. Hakupewa barua. Hakupewa hata achari. Alisema Ammachi alimpa chai, akamwuliza habari za barabara, akamuaga.

Basi nimeelewa. Miaka kumi na moja hakuna mtu aliyetoka nyumba ile kuja huku bila kitu changu mkononi.

Mbusu mtoto. Usiniandikie tena, tafadhali. Sina ubaya nawe, ila nimechoka kusubiri watu wanaoshuka kwenye gari.

Beena


Mallappally, 2 Septemba 2023

Beena,

Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nimekasirika. Sasa nimemaliza, au niko karibu.

Kwanza nikuambie usilolijua. Yule karani wa Trivandrum alipotazama karatasi zetu aliniuliza, "Bibi, hawa mume na mke wote wako huko huko?" Nikasema wote, miaka kumi na zaidi. "Kila mmoja na viza ya kazi yake?" Nikasema ndiyo. Akavua miwani. Akaniambia kwa upole, lakini kwa sauti kubwa maana alishaona sikio langu, foleni yote ikasikia: "Basi hawakitaki kwa viza. Watu walio huko tayari wakiomba cheti hiki ghafla, mara nyingi wanakwenda nacho mahakamani kuachana." Muhuri alikuwa nao mkononi. Akauliza, "Nipige, au nikurudishie?"

Nilisimama pale. Watu nyuma wananung'unika, Ousepu ananivuta mkono. Nikafikiri, huyu Beena hajawahi kuniomba kitu ila hiki kimoja, na hiki kimoja kaniomba kwa uongo. Hajui kudanganya, barua yake ilinuka uongo kuanzia pale kwenye salamu za Shibu, mimi tu nilikuwa sitaki kunusa. Mtu kama huyo hadanganyi kwa jambo dogo. Nikamwambia karani, "Piga." Akapiga.

Kwa hiyo achana na hayo ya kunibebesha. Nilibeba nikijua. Ndani ya treni nililia mpaka Ousepu akanipa leso yake, na leso ya Ousepu si kitu cha kupewa mtu.

Hasira yangu ni nyingine. Uliniandikia eti mmechoka tu! Ukamsitiri mwanangu mbele yangu mimi mama yake, kama vile sijui nilichozaa. Mwezi mmoja baadaye yeye akaleta kurasa nne na picha ya mtoto mwenye masikio yangu. Nililia siku tatu, Beena. Nilifurahi, nikaionea aibu ile furaha, kwa sababu nilijua jina lile lilikuwa la nani. Ulipotoka hospitali mwaka ule ulikuja likizo ukalala kitandani kwangu, ukaniambia alikuwa msichana. Jina hukunitajia. Nilihitaji kutajiwa? Sikuweza kukuandikia nikiwa na furaha hiyo mkononi. Ningekuandikiaje? Ndiyo maana Kunjumon alirudi mikono mitupu. Nisamehe kwa hilo.

Wanamleta mtoto Desemba abatizwe hapa kwetu. Padri alianza kukuna ndevu, mara ndoa ile haijavunjwa kwake, mara hii haijui. Nikamwambia, Baba, mtoto hakuoa wala hakuacha, kazi yako ni maji. Akakubali. Huyo Dilani naye anakuja. Atapewa kiti, atapewa muhogo na samaki. Sijui kama nitampenda. Nitajaribu, sina haraka.

Sasa habari ya sari, na hapa usome polepole. Yangu nimeikata. Usishtuke. Mwenye jina langu abatizwe na sari yangu, nimemshonea gauni, lina mikono mifupi na ukingo wa dhahabu kifuani. Ousepu alipoona mkasi alifanya ishara ya msalaba. Mita moja na robo imetosha.

Kwa hiyo sina tena sari ya kuzikiwa. Nitafunikwa na yako. Usiombe nikurudishie, ulisema nimpe maskini yeyote, na mimi hapa nani maskini kunizidi? Mwanangu alikufunika nayo kisha akaiacha. Mimi siiachi. Ile iliyobaki ya kwangu nimeikunja, imo kwenye mfuko huu, chini ya chupa ya achari. Ni yako, kwa siku yako. Si ndefu tena, lakini hata wewe si mrefu.

Umeniuliza uniiteje. Ile hukumu nilimpa mwalimu wa shule anisomee neno kwa neno. Mmeachana wewe na Shibu, basi. Jina langu limo mara moja tu, pale niliposema kwa kiapo kwamba nakufahamu. Kiapo hicho sijakifuta.

Siku ikifika Ousepu atakupigia. Dilani atawapikia wageni kahawa. Wewe utaingia kwa mlango wa mbele, utanifunika. Majirani watasema, na waseme, mimi nitakuwa siwasikii, tena kwa masikio yote mawili.

Kula. Umekonda, naona kwenye mwandiko.

Ammachi wako


Abu Dhabi, 9 Septemba 2023

Ammachi,

Mfuko umefika. Achari ilivuja kidogo, sari haikuguswa. Nimeijaribu mbele ya kioo. Inanifikia kwenye vifundo vya miguu.

Nitakuja kukufunika. Lakini panda mihogo mingine kwanza.

Mwanao,
Beena